Kurasa za intaneti huchelewa wapi?

Kuna maelezo yanayozunguka kwenye simu za watu tangu zamani, yanapotea na kurudi kama mafua, yakiahidi kwamba ukibadilisha mambo matano au sita ndani ya kivinjari chako, kurasa za intaneti zitafunguka mara kumi zaidi ya sasa. Kivinjari, kwa wale ambao neno hili bado ni geni kwao, ni ile programu ya kompyuta au ya simu tunayoitumia kusoma kurasa za intaneti. Wapo wanaotumia Chrome, wapo wa Firefox, na wapo waliozoea Opera Mini. Wiki hii nataka tuyachambue maelezo hayo, kwani mengi yaliyomo muda wake umekwisha, na lile lenye faida kubwa kuliko yote halimo kabisa.

Swali lenyewe limetoka Sola, wilayani Maswa, mkoani Simiyu. Msikilizaji wetu mmoja, mama mwenye steshenari, ananieleza kwamba ana kompyuta mbili na mashine ya kuchapa, na kwamba intaneti yake yote hutoka kwenye simu yake mwenyewe, kwa bando analolinunua kila Jumatatu. Wateja wake ni vijana waliomaliza kidato cha sita wanaoomba mkopo wa elimu ya juu, walimu na wauguzi wanaotafuta kazi kupitia Sekretarieti ya Ajira, na wazazi wanaotaka kuona matokeo ya Baraza la Mitihani. Anatoza kwa kazi, hatozi kwa dakika. Fomu ikichukua saa mbili badala ya nusu saa, fedha ni ile ile, na mteja wa pili amekwisha kwenda kwa jirani. Anasema kijana mmoja mjuzi alimwekea "mipangilio ya kasi" kwenye kompyuta zote mbili, kisha akamfundisha kufuta kila kitu kila asubuhi "ili kompyuta ipumue". Tangu hapo bando lililokuwa likimfikisha Ijumaa linaisha Jumatano. Anauliza kama ameibiwa.

Hakuibiwa, dada yangu. Bando lako linamwagwa kila asubuhi, na nitaeleza namna linavyomwagwa. Lakini kwanza tutazame kinachotokea mtu anapobonyeza anwani ya ukurasa, maana bila kujua hapo hatuwezi kutenganisha ushauri wa kweli na porojo.

Kivinjari hakianzi kwa kuleta ukurasa. Kwanza kinauliza jina la tovuti hiyo lina namba gani, kwani kompyuta hazijuani kwa majina bali kwa namba, na yako madaftari maalumu mtandaoni yanayotunza majina na namba zake. Baada ya kupata namba, kivinjari kinabisha hodi kwenye kompyuta inayotunza ukurasa, ambayo huitwa seva, nayo inaitikia. Tatu, kwa tovuti zenye alama ya kufuli, pande mbili zinakubaliana namna ya kuficha mazungumzo yao ili mtu wa katikati asisome. Hapo ndipo kivinjari kinapotaja haja yake. Ni kama ufikapo kwenye mji wa mtu Usukumani: huingii uwanjani na kusema unataka kununua ng'ombe. Mnaamkiana kwanza, unaulizwa habari za utokako, unapewa kigoda, ndipo mazungumzo ya ng'ombe yanaanza. Kwa hesabu ya kawaida ni safari nne za kwenda na kurudi kabla hujaona herufi moja kwenye kioo.

Sasa urefu wa kila safari hutegemea njia. Kabla ya mwaka 2009 sehemu kubwa ya intaneti ya Tanzania ilipita kwa setilaiti zilizoko angani kiasi cha kilometa 36,000 juu ya ikweta. Ujumbe ulipanda na kushuka kwa karibu robo ya sekunde, na jibu nalo likachukua robo nyingine. Zidisha nusu sekunde hiyo kwa safari nne, unapata sekunde mbili za kuamkiana tu. Julai 2009 waya wa chini ya bahari uitwao SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam, mwaka uliofuata ukaja wa EASSy, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaendelea kuupeleka uwezo huo mikoani. Ndani ya nyuzi za mkongo mwanga husafiri kilometa zipatazo 200,000 kwa sekunde. Tuseme seva iko Ulaya na urefu wa waya ni kilometa 10,000. Kwenda na kurudi ni sehemu moja ya kumi ya sekunde, tukiacha vituo vya njiani na kile kipande cha hewani kati ya mnara na simu yako. Hapo tumepata nafuu kubwa, na haikuletwa na mtu aliyegusa mipangilio ya kivinjari. Vile vile hakuna mpangilio wa kivinjari utakaoisogeza Ulaya ikawa karibu na Maswa.

Njia imekuwa fupi, lakini mizigo nayo imeongezeka. Watu wa umri wangu waliowahi kufika kwenye ofisi za Dar es Salaam miaka ya mwisho ya 1990 wanaikumbuka modemu, kile kisanduku kilichopiga kelele kama jogoo aliyekabwa kabla ya kuunganisha kompyuta na simu ya mezani. Modemu nzuri ya wakati ule, ya kilobiti 56 kwa sekunde, ilileta kilobaiti 7 kwa sekunde, tena siku ambayo laini ya simu ilikuwa na afya. Kwa sababu hiyo kivinjari cha Netscape kilikuwa na mahali pa kuzima picha kwa mbofyo mmoja, na waliokuwa wakilipa kwa dakika walipatumia. Ulisoma maneno kwanza, ukiona picha ni ya lazima ndipo ukaiomba.

Leo ukurasa wa kawaida una uzito gani? Vipimo vya HTTP Archive, mradi unaopima mamilioni ya kurasa duniani, vilionyesha kwamba mwaka 2022 ukurasa wa katikati, yaani nusu ya kurasa ni nzito kuliko huo na nusu ni nyepesi, ulikuwa na megabaiti 2 hivi kwa toleo la simu. Kwa modemu ile ningesubiri karibu dakika 5. Na usidhani hizo megabaiti 2 ni maneno. Makala hii yote unayoisoma, kuanzia kichwa hadi nukta ya mwisho, haizidi kilobaiti 20. Makala kama hii mia moja ndizo zingejaza ukurasa mmoja wa kawaida. Kilichobaki ni picha, herufi za mapambo, matangazo, programu ndogo ndogo za JavaScript zinazofanya vitu viteleze na kuruka, na nyingine ambazo kazi yake ni kukufuatilia ujulikane umesoma nini. Vyote hivyo vinapita hewani na kukatwa kwenye bando, kisha vinapita tena kwenye ubongo wa kompyuta au simu yako, kwani picha lazima ifunguliwe na programu lazima isomwe na kutekelezwa. Ndiyo maana simu mbili zilizokaa meza moja, kwenye mtandao mmoja, ya bei kubwa na ya bei ndogo, hazifungui ukurasa ule ule kwa muda ule ule.

Tukishayajua hayo, tuyarudie yale maelezo yanayozunguka. Mengi nimeyaona yanahusu Firefox. Unaambiwa uandike about:config mahali pa anwani, ukubali onyo linalotokea, kisha utafute mistari fulani na kubadilisha "hapana" kuwa "ndiyo" na namba ndogo kuwa kubwa. Mstari unaosifiwa kuliko yote ni ule wa kuomba vitu vingi kwa mfululizo bila kusubiri cha kwanza kifike. Nieleze kwa mfano wa mama ntilie. Katika utaratibu wa zamani ulikuwa ukiagiza chai, unasubiri chai, ikifika ndipo unaagiza chapati. Ushauri huu ulisema agiza chai, chapati, maharage na supu kwa mkupuo. Wazo zuri, sikatai. Ubaya wake ni kwamba seva ililazimika kukuletea kwa mpangilio ule ule ulioagiza. Ikiwa supu ndiyo ya kwanza na bado iko jikoni, chai na chapati zilizo tayari zinapoa mezani kwa mama ntilie zikiisubiri supu. Na baadhi ya seva zilichanganyikiwa kabisa, zikampa huyu chakula cha yule.

Mwaka 2015 utaratibu mpya wa mazungumzo ya kivinjari na seva, uitwao HTTP/2, uliidhinishwa, na humo vitu vingi hupita njia moja kwa pamoja, kilicho tayari kikitangulia. Firefox ikauondoa ule mtindo wa zamani mwaka 2017. Sasa sikiliza kichekesho chake. Ukurasa wa about:config unakuruhusu kuongeza mstari wowote kwa jina lolote. Ukiandika jina la ule mpangilio uliokwisha kuondolewa, kivinjari kitaupokea, kitautunza na kitakuonyesha kwamba uko "ndiyo", wala hakitausoma kamwe. Mtu ataondoka amefurahi na kumfundisha mwenzake. Kuna na ule wa kuongeza idadi ya njia zinazofunguliwa kwa seva moja, kutoka sita hadi thelathini. Kila njia mpya inaanza na kuamkiana kulekule nilikokueleza, na mnara wa simu wenye watu wengi hauongezeki upana kwa sababu wewe umegonga mlango mara thelathini. Mipangilio hiyo ya kijana wa Sola, kwa hiyo, haikusaidia, na pengine haikudhuru. Rahisi ni kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani na kuisahau.

Palipodhuru ni pale pa kufuta kila asubuhi.

Wakazi wa Maswa hawahitaji kufundishwa thamani ya akiba. Mji wao hunywa maji ya Bwawa la New Sola, na mwenye nafasi huweka simtanki nyumbani ili bomba likikaa kimya apate ya kupikia. Kivinjari nacho kina simtanki lake. Kila kinapoleta nembo ya Bodi ya Mikopo, michoro ya vitufe, herufi za ukurasa na zile programu ndogo, hukiweka kila kimoja kwenye diski ya kompyuta pamoja na maelezo ya muda gani kinafaa kutumika. Seva ndiyo husema: nembo hii itunze mwaka mzima, hiki kitunze saa moja, kile kisitunzwe kabisa. Ukirudi kesho kwenye tovuti ile ile, kivinjari kinachota kwenye simtanki, na kinacholetwa kutoka mbali ni kile tu kilichobadilika. Ukurasa uliokula megabaiti 2 mara ya kwanza unaweza kula sehemu ndogo tu mara ya pili, na kwa kuwa vitu haviombwi tena, zile safari za kwenda na kurudi nazo zinapungua.

Sasa mtu anayefuta akiba hiyo kila asubuhi ni sawa na aliyefungua koki ya simtanki na kumwaga maji yote uani ili tanki "lipumue", kisha akaanza kununua ndoo upya. Steshenari ni mahali ambapo hasara ya kufanya hivyo ni kubwa kupita mahali pengine, kwa sababu wateja ishirini wa siku moja wanaingia tovuti zile zile nne au tano. Mteja wa kwanza ndiye angelipia uzito, kumi na tisa waliobaki wakapita kwa wepesi. Wanaosema kufuta huongeza kasi hawakuzua jambo bila chanzo: zipo nyakati ambapo akiba imeharibika, ukurasa unaonyesha mambo ya juzi au kitufe hakibonyezeki, na kufuta kunatibu. Vile vile diski ikijaa pomoni kompyuta huwa nzito. Lakini hayo ni matibabu ya ugonjwa uliokwisha kuonekana. Hakuna anayemeza dawa ya malaria kila asubuhi pamoja na chai.

Hapa mwenye steshenari atauliza, na ni haki yake: je, siri za wateja? Huwezi kumwacha mwalimu aondoke huku akaunti yake ya maombi ya kazi iko wazi kwa atakayekalia kiti baada yake. Kweli kabisa. Basi tazama vizuri lile dirisha la kufuta la Chrome. Lina visanduku vitatu vikuu. Cha kwanza ni historia, yaani orodha ya kurasa zilizotembelewa. Cha pili ni vidakuzi, vile vijikaratasi ambavyo tovuti huacha kwenye kompyuta ili ikukumbuke kuwa wewe ndiwe fulani na umekwisha kuingia. Cha tatu ni picha na faili za akiba. Weka alama kwenye viwili vya kwanza, ondoa kwenye cha tatu. Kwa kufanya hivyo mteja anayefuata hataikuta akaunti ya mwenzake, na simtanki linabaki na maji. Usikubali pia kivinjari kinapojitolea kukumbuka nywila za wateja. Lile dirisha fiche ambalo wengi wanalipenda ni salama kwa jambo hili, ila lina gharama yake: huanza na simtanki tupu, na ukilifunga linamwaga yote. Nalifaa zaidi kwa mteja mwenye shughuli za benki kuliko kwa fomu ya kawaida.

Na niseme jambo ambalo nimeliona kwenye maduka ya namna hii katika miji mitatu au minne niliyopita kikazi. Mtu anafuta historia kwa bidii, lakini ukifungua folda ya vitu vilivyopakuliwa unakuta vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya taifa, vyeti vya kidato cha nne na picha za pasipoti za watu mia mbili, tangu mwaka juzi. Kufuta ndani ya kivinjari hakugusi folda hiyo. Vitu hivyo haviongezi wala kupunguza kasi ya ukurasa, lakini ndivyo vya kufuta kila jioni, na pipa la taka la kompyuta nalo likamwagwe.

Baada ya kulinda akiba, linalofuata ni kukataa mzigo usio wa lazima. Kwenye Chrome ya kompyuta, ukiingia mipangilio, sehemu ya faragha na usalama, kisha mipangilio ya tovuti, utakuta mahali pa kuzuia tovuti zisionyeshe picha. Ni ile ile kazi ya Netscape, imerudi kwa nguo nyingine. Ukizima, kurasa nyingi zitakonda palepale. Tahadhari yangu ni moja: tovuti ambayo mteja anapandisha picha yake ya pasipoti, au ambayo inakuuliza usome herufi zilizopinda ili kuthibitisha kwamba wewe ni binadamu, iweke kwenye orodha ya zinazoruhusiwa hapo hapo chini, la sivyo utakuwa unajaza fomu gizani. JavaScript nayo inaweza kuzimwa, na kwa kusoma habari tu faida ni kubwa; kwa fomu za maombi usijaribu, kwani fomu nyingi za leo zimejengwa kwayo na kitufe cha kutuma hakitaitika.

Wako wanaoongeza kwenye Firefox programu nyongeza ya kuzuia matangazo na vifuatiliaji, kama uBlock Origin, ambayo hufanya kazi hata kwenye Firefox ya simu za Android. Mimi ninayekula kwa matangazo ya redio na ya gazeti naona haya kidogo kulisema hili. Lakini mtu anayelipia kwa bando lake tangazo la gari ambalo hatalinunua, tena lenye video inayojiwasha yenyewe, sina hoja ya kumzuia asijikinge. Gazeti likitaka tangazo lake lionwe Maswa, litengeneze tangazo jepesi.

Kwenye simu, ipo Opera Mini, iliyotolewa kwa dunia nzima mwaka 2006. Ujanja wake ni tofauti. Katika hali yake ya kubana sana, ukurasa hauji kwako moja kwa moja. Unafunguliwa kwanza na seva za kampuni hiyo, unakamuliwa, picha zinapunguzwa ubora au kuondolewa kadiri ulivyochagua, kisha unaletewa kifurushi kidogo. Kwa kusoma habari na kutafuta taarifa sijaona cha kuishinda kwa anayehesabu vocha. Ila elewa maana yake: kuna mtu wa katikati anayeifungua barua yako ili aikunje upya. Mambo ya benki na nywila za kazini usiyapitishe huko. Chrome nayo ilikuwa na mpangilio wa namna hiyo wa kuokoa data, na wengi waliutegemea, lakini Google iliuondoa Machi 2022 pamoja na toleo la 100, ikitaja kwamba gharama za data zimeshuka katika nchi nyingi. Sijui walimuuliza nani, maana Sola hawakupita. Ukiambiwa leo uutafute mpangilio huo kwenye Chrome mpya, aliyekuambia anasoma maelezo ya zamani.

Upo mpangilio mwingine ambao unaitwa wa kasi na kwa mwenye bando ni mtego. Chrome inaweza kupakia mapema kurasa inazodhani utazibonyeza. Ikibahatisha, ukurasa unafunguka kama umeme. Isipobahatisha, umelipia ukurasa ambao hukuuomba wala hukuuona. Mwenye waya wa intaneti usio na kikomo auache. Mwenye bando auzime, uko ndani ya mipangilio ya Chrome. Kuhusu kubadilisha lile daftari la majina na namba, mkatumia la Google lililoanza mwaka 2009 au la Cloudflare la mwaka 2018, ni jambo linalogusa safari ya kwanza tu kati ya zile nne, na kivinjari hukumbuka majibu kwa muda. Likiwa daftari la kampuni yako ya simu ni bovu utaona tofauti. Kama ni zima, hutaona kitu.

Kabla ya kukilaumu kivinjari, ni vizuri pia kuchunguza nani mwingine anakunywa kwenye bomba lile lile. Kompyuta ya Windows iliyounganishwa kwenye simu kwa Wi-Fi haijui kwamba hiyo ni simu ya mama mwenye steshenari. Inadhani ni mtandao wa ofisi kubwa, na kimyakimya inaanza kupakua masasisho ya mamia ya megabaiti wakati mteja anahangaika na fomu. Ukifungua mipangilio ya mtandao huo wa Wi-Fi utakuta swichi ya kuiambia Windows kwamba mtandao huu hulipiwa kwa kipimo. Iwashe, na kazi nyingi za namna hiyo zitasimama. Siku moja kwa mwezi tafuta mahali penye intaneti ya bei nafuu uyaruhusu masasisho yaingie, maana yanaziba mianya ya wadukuzi na si mambo ya kupuuza moja kwa moja. Simu inayotoa intaneti nayo ina programu zake zinazojisasisha na picha zinazojipakua zenyewe kwenye makundi ya ukoo. Zizimwe saa za kazi.

Yapo ambayo mwenye duka hana la kuyafanya. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini upande wa kusini mwa Afrika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi Afrika Mashariki. Siku zile watu walifuta akiba, wakazima na kuwasha simu, wakabadilisha laini, na tatizo lilikuwa chini ya bahari. Hali kadhalika saa za jioni watu wanapotoka kazini, mnara mmoja huwagawia wengi.

Na ipo siku ya matokeo. Kurasa za matokeo za Baraza la Mitihani ni nyepesi mno, majedwali ya maneno na namba bila mapambo, na laiti taasisi nyingine zingejifunza hapo badala ya kutuwekea picha kubwa za wakubwa wakifungua semina, zinazopishana juu ya fomu tunayoitafuta. Zikichelewa siku hiyo, si kwa uzito wake, ni kwa sababu nchi nzima imebisha hodi mlango mmoja kwa saa moja. Mzazi anayebonyeza kitufe cha kuanza upya kila baada ya sekunde tano anaiacha nafasi yake kwenye foleni na kwenda kujipanga mwisho, na ombi lake la zamani nalo linaweza kuwa bado limeibebesha seva kazi. Aachwe ukurasa uzunguke dakika moja mbili. Usipofunguka, wateja waandike namba zao za mtihani kwenye daftari, warudi usiku foleni ikiwa imepungua, au kesho yake asubuhi.